Msimbati au Kilwa? Ulinganisho kwa anayeitaka bahari ya Kusini

Likizo ikikaribia, swali huwa lilelile kwa watu wa Dar, Masasi na hata Songea: twende tukale upepo wapi, Kilwa au Mtwara? Wengi hulijibu kwa kutazama picha. Picha zote zina mchanga mweupe na maji ya kijani, kwa hiyo haziamui chochote. Msimamo wangu niuseme mapema, nisikuchoshe: anayeifuata bahari yenyewe, yaani samaki, matumbawe na ufukwe usio na watu, aende Msimbati, kijiji cha Mtwara kilicho kwenye Ghuba ya Mnazi. Mwenye siku mbili tatu na familia, wazee na watoto wakiwemo, aende Kilwa. Anayetaka vyote viwili kwa wikendi moja ataijua vizuri barabara, basi.

Kuna pia wanaouliza kama huku Kusini tuna atoli, vile visiwa vya umbo la pete kama vya Maldivi. Hatuna. Atoli huzaliwa pale mlima wa volkano unapodidimia baharini taratibu, huku matumbawe yaliyouzunguka yakizidi kupanda kuufuata mwanga, mpaka mlima unapotea na kubaki pete yenye maji katikati. Charles Darwin aliieleza hivyo mwaka 1842, na maelezo yake yamesimama mpaka leo. Iliyo upande wetu ni Aldabra ya Shelisheli, mamia ya kilomita baharini mashariki mwa Mtwara. Imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1982, ina kobe wakubwa wanaokadiriwa kufika 100,000, haina hoteli hata moja, na kufika kwake ni kwa kibali na kwa fedha nyingi. Visiwa vyetu vina asili nyingine. Vimekaa karibu na bara, kwenye bahari ya kina kifupi, na vingi ni miamba ya zamani ya matumbawe iliyoachwa juu bahari iliposhuka. Ila ukitaka kinachokaribia ile sura ya maji yaliyozingirwa, Ghuba ya Mnazi ndiyo yenyewe: rasi ya Ruvula inalikumbatia ziwa la bahari, visiwa vya Namponda na Mongo vinakamilisha ukingo, na maji yanaingia na kutoka kwa milango iliyo kati yao.

Chini ya maji

Hapa ndipo Mtwara inapoipita Kilwa, na sababu yake haiko Mtwara. Iko mbali baharini. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kuja kuipiga pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo tu ya mdomo wa Mto Ruvuma. Ukifika hapo unagawanyika, tawi moja likishuka Msumbiji na jingine likipanda Tanzania hadi Kenya. Ghuba ya Mnazi iko jirani kabisa na hiyo njia panda. Mbegu za matumbawe na samaki wachanga waliobebwa na mkondo hutua hapa kwanza, halafu husafirishwa kwenda kaskazini. Ndiyo maana wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 250 za matumbawe kwenye eneo hili, na ndiyo maana likafanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya 1995. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, na humo mna bahari, mikoko, visiwa, mdomo wa Ruvuma na vijiji vyenye watu wanaovua na kulima. Usije ukadhani ni hifadhi ya kufukuza watu. Utapishana na wavuvi, na utanunua samaki kwao.

Jambo la kupendeza pale Ruvula ni kwamba huhitaji boti ili uione bahari. Maji yakiwa yamejaa na kutulia, unavaa miwani na mrija ufukweni, unapiga mikono kidogo, na chini panakatika ghafla, kijani kinageuka buluu nzito. Kaa pale ukingoni, usiende mbele. Zamisha masikio na utulie. Utasikia kama mtu anatafuna bisi: ni pono hao, wanaugugunya mwamba kwa midomo yao migumu kama ya kasuku. Wanakula mwani ulioota juu ya matumbawe, wanasaga na jiwe lenyewe, halafu wanalitoa nyuma likiwa mchanga. Sehemu kubwa ya ule ufukwe mweupe tunaoupigia picha imepita tumboni mwa pono. Watoto ukiwaeleza hivyo hawataki tena kuondoka.

Kilwa mambo ni tofauti. Kilwa Masoko, mji wa bara unakofikia, imezungukwa na ghuba na vijito vya mikoko, maji yake yametulia na ni bandari nzuri tangu enzi, lakini mara nyingi yana tope la mikoko na huoni mbali. Kwa matumbawe ya kueleweka utoke nje, na mahali pa kutoka ni visiwa vya Songo Songo, kaskazini mwa Kilwa, kiasi cha kilomita 15 kutoka bara. Kuna Songo Songo yenyewe yenye kijiji na visima vya gesi, kuna Fanjove yenye mnara wa taa wa enzi za Wajerumani na mwamba mrefu unaoanzia pale pale kisiwani, kuna Nyuni na Okuza. Fanjove kwa uzuri wa maji inasimama bega kwa bega na Msimbati, sitabisha. Tatizo ni gharama: malazi ya pale ni ya bei ya mgeni wa nje, na boti ya kukodi kutoka bara si nauli ya daladala. Kama mfuko unaruhusu, basi hukumu yangu ya Mtwara kuongoza kwa bahari inalegea kidogo.

Bahari ya Kilwa ina sifa nyingine ambayo mtalii haioni. Mwaka 2003 wavuvi wa huko walivuta kwenye nyavu silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndiye wa kwanza kurekodiwa Tanzania. Anaishi kwenye vina virefu, kwa hiyo usimuulizie kwa nahodha.

Na tusidanganyane: pande zote mbili zina makovu. Uvuvi wa baruti umevunja miamba kuanzia Kilwa mpaka Mtwara kwa miaka mingi, joto la bahari la 1998 liliua matumbawe pwani nzima, na kwenye Ghuba ya Mikindani watu wamechimba matumbawe na kuyachoma kupata chokaa. Utakuta kiwanja kizuri, na hatua chache mbele rundo la vipande vyeupe vilivyokufa. Kwa upande wa Kilwa nimependa utaratibu wa baadhi ya vijiji wa kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuufungua kwa siku maalumu. Ukibahatika kufika siku ya kufungua, acha mipango yako mingine.

Kalenda ya maji, kabla ya kalenda ya likizo

Ukipanga safari ya bahari kwa kutazama tarehe za shule tu, utafika ukute bahari imekwenda zake. Huku Kusini maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu ni katikati yake, yaani kama tarehe saba nane na ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu. Wakati wa bamvua maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne saa tano asubuhi, na yanajaa tena alasiri.

Hii ina maana gani kwa anayechagua? Msimbati, siku za maji mafu ndizo za kuogelea na kutazama samaki, kwa sababu mkondo unapungua na maji yanakuwa maangavu. Siku za bamvua maji yakianza kutoka, ile milango ya ghuba inavuta kwa nguvu, na hata muogeleaji hodari hana ubavu nayo. Lakini bamvua nayo ina raha yake: mwamba unabaki mkavu, wanawake na watoto wanashuka na ndoo na vijiti kutafuta pweza, na wewe unaweza kuwafuata ukiwa na viatu, ukaona nyota za bahari, majongoo na kaa kwenye vidimbwi bila kulowa zaidi ya magoti.

Kilwa maji yanaamua jambo jingine, yaani kushuka botini. Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, hakuna shida kubwa, ni mwendo mfupi kutoka Masoko na dau au mashua ya injini inakufikisha karibu na ngome iitwayo Gereza. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ndiyo yenye masharti. Ukifika maji yametoka utateremka mbali na kutembea kwenye tope kati ya mizizi ya mikoko. Mzee mwenye magoti mabovu usimpeleke bila kumuuliza nahodha kwanza maji yakoje.

Nchi kavu

Hapa hakuna ushindani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na zilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014 kwa sababu bahari na uchakavu vilikuwa vinazila. Leo zinasimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, kuna askari na waongozaji, na kibali unakipata Masoko kabla ya kuvuka.

Wengi huzunguka magofu kwa saa moja wakipiga picha za matao, wakarudi wakisema wameona mawe. Sogea ukutani. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na 12 na upanuzi wenye makuba ni wa mwanzoni mwa karne ya 14, umejengwa kwa matumbawe yaleyale ninayokusifia chini ya maji ya Msimbati. Kuta ni mawe ya mwamba mkongwe yaliyoshikwa kwa chokaa. Palipohitaji ufundi, kama kingo za milango na mihrabu, mafundi walitumia matumbawe mabichi yaliyokatwa baharini yakiwa bado laini, wakayachonga, yakakauka na kuwa magumu. Ukipitisha kidole taratibu bila kukwangua utaona vitundu vidogo vya umbo la nyota, kimoja kimoja, kila kimoja kilikuwa nyumba ya mdudu wa bahari zaidi ya miaka 600 iliyopita. Kwa maoni yangu hicho kinazidi hata Husuni Kubwa.

Si kwamba Husuni Kubwa ni ya kuruka. Ni kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, liko juu ya genge linalotazama bahari, lina birika la pembe nane ambalo bado unaweza kulizunguka, na lilijengwa wakati dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilipita Kilwa kabla ya kwenda kokote. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mji huu mwaka 1331 na kuusifu. Wareno walikuja 1505 na kuupora. Gereza unaloliona ukikaribia kisiwa lilianza kama ngome yao, kisha Waomani wakalijenga upya. Ukiona vipande vya vyungu vya Uchina na Uajemi chini, viache vilipo.

Ongeza Kilwa Kivinje ukiwa njiani, mji wa misafara ya watumwa na pembe katika karne ya 19, wenye boma la Wajerumani na nyumba za wafanyabiashara zinazobomoka huku watu wakiendelea kuuza maandazi barazani. Hakuna tiketi, hakuna foleni.

Mtwara inajibu kwa Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini. Boma la 1895 limekarabatiwa, kuna mibuyu mikubwa na vichochoro vya kutembea, na hapo ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Nusu siku inatosha. Kilicho cha Mtwara peke yake ni maisha ya sasa: vinyago vya Wamakonde, soko la samaki la Feri, kivuko cha kwenda Msangamkuu ambako watu wa mjini huenda kuogelea Jumapili, na ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, inayouzwa na chumvi ya pilipili kando ya barabara. Ukija msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, mji unachangamka na vyumba vinajaa wanunuzi.

(Njiani utapita Lindi. Tendaguru, walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, iko ndani huko, lakini usiende ukitarajia mifupa. Dinosaria mkubwa aliyetoka huko amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, na mjadala wa kumrudisha unaendelea.)

Kufika, kulala, na mambo ya mpaka

Kilwa iko kama kilomita 300 kutoka Dar, basi zinatoka Mbagala, unashuka Nangurukuru kisha unaingia Masoko. Mtwara ni kama kilomita 560 kwa barabara hiyohiyo, siku nzima ya safari, ila ina uwanja wa ndege wenye safari za kutoka Dar. Barabara ni lami lakini haijakomaa dhidi ya mvua: Mei 2024, wakati wa mvua za kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Somanga na Kusini nzima ikakaa bila njia ya moja kwa moja ya kwenda Dar. Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ukisafiri Machi au Aprili weka siku ya akiba.

Malazi yanaipa Kilwa pointi nyingine. Masoko kuna gesti za bei ya chini na hoteli za ufukweni, zote karibu na boti. Msimbati vyumba ni vichache na vya kawaida sana, hivyo wengi hulala Shangani, Mtwara mjini, na kwenda asubuhi. Ni kama kilomita 45, na kipande cha kutoka Msimbati kwenda Ruvula ni mchanga mtupu. Gari dogo litakwama, tena mahali ambapo hakuna kivuli. Kodi gari la magurudumu manne au panda pikipiki ya kijana anayeijua njia, beba maji ya kunywa ya kutosha, na lipa ada ya hifadhi kabla ya kuingia majini. Ukiwa njiani utaona mitambo ya gesi ya Madimba, kama ambavyo Songo Songo utaona visima. Gesi iligunduliwa kule 1974 na huku 1982. Usipige picha mitambo hiyo, walinzi hawana mzaha.

Jambo la mpaka lisemwe bila kutishana. Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, imekuwa na mapigano tangu 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilivamiwa. Baadhi ya nchi za Magharibi zimekuwa zikiwaonya raia wao wasikaribie mpaka huo, na Msimbati iko karibu nao. Mtanzania ataulizia hali Mtwara mjini, atajitambulisha kijijini, ataendelea. Lakini kama una mgeni kutoka Ulaya au Marekani, bima yake inaweza isimlipe akipata tatizo sehemu iliyo kwenye onyo. Asome karatasi zake kwanza. Kwa mgeni wa namna hiyo Kilwa haina maneno mengi.

Basi uende wapi?

Vijana wanaojua kuogelea, wenye gari la maana, mkaambatana wanne watano: Msimbati, tena mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, kusi limekufa na kaskazi halijashika. Anayetaka nyangumi aje mapema zaidi, Agosti hadi Oktoba, wanapopita pwani na ndama wao, ila avumilie upepo wa kusi na maji yasiyo maangavu sana.

Mwalimu anayeleta wanafunzi: Kilwa, bila kufikiri mara mbili. Wenzi walioana juzi na wana fedha: Fanjove, wasikilize mawimbi. Wasio na fedha nyingi: Kilwa Masoko, na siku moja ya boti. Wanaotaka kulala tu na kula samaki bila kuona kitu chochote, Shangani inawatosha na hawahitaji ushauri wangu. Popote mtakapokwenda, vijiji hivi ni vya Waislamu na watu wana heshima zao, kwa hiyo nguo ya kuogelea iishie majini na kanga iwe karibu.

Mwenye siku tano au sita anaweza kupata vyote, na hapo nashauri aanze na mbali. Nenda Mtwara moja kwa moja, kwa ndege kama unaweza, umalize Mikindani na Msimbati ukiwa na nguvu, kisha rudi kwa basi la asubuhi na kushuka Nangurukuru. Jitahidi uwe Masoko kabla ofisi hazijafungwa, ukate kibali na kupatana na nahodha jioni hiyohiyo, bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri. Mkichelewa kupatana mpaka asubuhi, mtavuka jua likiwa tayari kali, na Kisiwani kutembea ni kwingi.